SOMO: SKRINI HII INA KILO NGAPI?



Somo letu safari hii linawahusu wenzetu wanaofanya kazi ya kukodisha skrini kubwa za video, zile zinazofungwa kwenye misa kubwa, mikutano ya injili, harusi za matajiri, tamasha za muziki, mikutano ya siasa na viwanja vya mpira. Wamo madereva, wapakiaji, mafundi umeme, wapandaji wa trasi, walinzi wa usiku na vijana wanaookotwa getini kwa kazi ya siku moja. Wengi wao hawana chama. Wanavuka mipaka na lori, leo Kampala, kesho kutwa Kigali, juma lijalo Goma au Bujumbura, na lugha inayowaunganisha kazini ni Kiswahili. Ndiyo sababu somo hili tumeliweka katika kurasa hizi.

Kazi hii imekuwa kubwa, na itaendelea kukua. Mwezi Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya mpira ya CHAN. Mwaka 2023 nchi hizo tatu zilikuwa zimekwisha kupewa pia AFCON ya 2027. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wa nchi nyingi hujaa Namugongo, na aliye nyuma kabisa hawezi kumwona padri kwa macho yake. Skrini ndiyo inayomsogezea. Kwa hiyo hatusemi skrini ni kitu kibaya. Swali letu ni moja tu, na tunataka kila mwanachama alikariri: skrini hii ina kilo ngapi?

1. SKRINI NI KITU GANI

Skrini hizi zinaitwa za LED. LED ni taa ndogo sana isiyo na waya wa kuungua ndani yake kama balbu ya zamani. Umeme ukipita katika kipande maalumu cha madini, kipande hicho hutoa mwanga. Kila nukta ya picha ina taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa kuchanganya mwanga wa hizo tatu, jicho huona rangi zote.

Taa nyekundu inayoonekana kwa macho ilipatikana mwaka 1962 huko Marekani. Ya buluu ilisumbua wataalamu kwa muda mrefu. Buluu yenye mwanga mkali ilitolewa mwaka 1993 na Shuji Nakamura, mwajiriwa wa kampuni ya Nichia ya Japani. Hapa pana funzo letu la kwanza. Kampuni ilimpa zawadi ya yen 20,000 kwa uvumbuzi huo, fedha ambazo hazikufika dola 200 wakati ule. Nakamura alikwenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru alipwe yen bilioni 20. Kampuni ikakata rufani, na mwaka 2005 wakapatana kwa yen milioni 840 hivi. Mwaka 2014 yeye na Wajapani wenzake wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Basi ujue, ndugu, kwamba hata mwanga wenyewe wa skrini una historia ya mfanyakazi aliyedai haki yake.

Skrini haiji ikiwa kipande kimoja. Inaundwa kwa makabati. Kabati moja la kawaida la kukodisha lina sentimita 50 kwa 50. Mafundi husema "P3.9" au "P2.9". Maana yake ni nafasi kati ya nukta na nukta kwa milimita. Nafasi ikiwa ndogo, picha ni safi kwa aliye karibu, lakini bei ya kukodi hupanda. Kanuni rahisi ni hii: ikiwa nafasi ni milimita 4 hivi, mtazamaji wa kwanza awe umbali wa mita 4 au zaidi. Fundi anayejua hesabu hii anaweza kumshauri mteja asilipie bure picha ambayo watu walio mbali hawatatambua tofauti yake.

Zamani skrini kubwa zilijengwa mahali pamoja zikabaki hapo. Mwaka 1985 huko Tsukuba, Japani, kampuni ya Sony ilisimamisha skrini ya mita 40 kwa 25. Mwaka 1997 bendi ya U2 ilizunguka mataifa na skrini ya LED yenye upana unaopita mita 50. Tangu hapo skrini imekuwa kitu cha kupakia kwenye lori, kufunga usiku, kuonyesha mchana, kushusha usiku na kuondoka. Haraka hiyo ndiyo faida ya mwenye mali. Haraka hiyo hiyo ndiyo hatari ya mfanyakazi.

2. HESABU YA UZITO

Tuchukue kalamu. Mteja anataka skrini ya mita 6 kwa upana na mita 4 kwa urefu. Upana ni makabati 12. Urefu ni makabati 8. Mara 12 kwa 8 unapata makabati 96. Tuseme kabati moja lina kilo 8. Makabati peke yake yana kilo 768.

Lakini kinachoning'inia si makabati tu. Kuna vyuma vya kushikia, kuna nyaya, kuna trasi ya alumini, na mara nyingi mota zenyewe za kuvutia hupanda pamoja na mzigo. Tuseme, kwa mfano, hivyo vyote vina kilo 300. Jumla ni kilo 1,068. Hiyo imepita tani moja, na chini yake watasimama wacheza ngoma, wanakwaya, mpiga ngoma na sisi wenyewe.

Ikiwa mzigo huu unavutwa na mota mbili, kila moja hubeba kilo 534 endapo zinakwenda sawasawa. Mota moja ikikwama na nyingine ikaendelea, sehemu kubwa ya mzigo huhamia upande mmoja. Kwa hiyo mota, kamba za waya na vifungo lazima viwe na nguvu ya kubeba mara kadhaa ya mzigo. Nguvu hiyo ya akiba haikuwekwa ili mwajiri aongezee makabati juu yake. Imewekwa kwa ajili ya siku ya ajali.

Niliwahi kumwuliza msimamizi mmoja uwanjani mzigo wake una kilo ngapi. Alinijibu, "Ni mzito, lakini vijana ni wengi." Hilo si jibu. Wingi wa vijana hauongezi nguvu ya waya. Unaongeza tu idadi ya watu watakaokuwa chini yake ukikatika.

3. YALIYOTOKEA HONG KONG

Tarehe 28 Julai 2022, katika ukumbi wa Hong Kong Coliseum, kundi la waimbaji liitwalo Mirror lilikuwa jukwaani na wacheza ngoma wake. Skrini moja iliyokuwa inaning'inia juu ilikatika ikawaangukia wacheza ngoma. Mmoja wao aliumia vibaya sana shingoni, kwenye uti wa mgongo. Watazamaji wote waliona.

Serikali ya huko ilifanya uchunguzi, na matokeo yakatolewa mwezi Novemba mwaka huo huo. Tuyaangalie mambo mawili.

La kwanza, waya uliokatika ulikuwa umechoka. Chuma nacho huchoka. Chukua kipande cha waya mwembamba, ukikunje huku na huku. Mara ya kwanza hakikatiki, wala ya tano. Mwishowe kinakatika mkononi bila kuvutwa kwa nguvu. Kamba ya waya inayopandisha na kushusha skrini kila onyesho inapata taabu ya namna hiyo hiyo. Kwa macho ya mpita njia inaonekana nzima.

La pili ndilo linalotuhusu zaidi. Uzito wa vifaa ulioandikwa kwenye karatasi za kuombea kibali ulikuwa mdogo sana kuliko uzito wenyewe. Anayekagua alisoma namba ndogo, akaridhika. Aliyepanda kufunga alibeba namba kubwa. Karatasi ilisema hivi, chuma kikasema vile, na chuma hakijui kusoma.

Hong Kong ni mji wenye fedha, wenye wakaguzi na wahandisi wengi. Ikiwa huko namba ya uongo ilipita, sisi ambao mara nyingi hatuonyeshwi namba yoyote tunapaswa kuwa macho mara mbili.

4. UPEPO

Skrini iliyofungwa nje ni kama tanga la jahazi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma skrini yetu ya mita 6 kwa 4 kwa nguvu ya karibu kilo 150. Upepo ukiongezeka mara mbili, ukawa kilomita 72 kwa saa, nguvu haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, inakuwa karibu kilo 600. Hiyo ni hesabu ya chini, na mhandisi huongeza juu yake kufuatana na umbo la jukwaa. Watu wengi hawalijui jambo hili, ndiyo maana wanasema, "Ngojeni kidogo, upepo utapita."

Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa lililokuwa limebeba taa na vifaa vingine vizito. Watu 7 walikufa na wengine zaidi ya 50 waliumia. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mfanyakazi wa jukwaa. Wachunguzi walikuta kamba za kuzuia jukwaa lisiyumbe zilifungwa kwenye matofali makubwa ya zege yaliyowekwa tu juu ya ardhi. Upepo ulipovuta, matofali yakateleza.

Angalia viwanja vyetu. Mara ngapi tumeona skrini imezuiwa kwa mapipa ya maji ambayo hayakujazwa, au kwa kamba iliyofungwa kwenye bampa la lori, na lori lenyewe linangojewa kwenda kubeba viti? Kabla ya kazi ijulikane: upepo ukifika kiasi gani skrini itashushwa, na nani ana madaraka ya kusema "shusha". Huyo asiwe mtu ambaye mteja anaweza kumtisha.

5. UMEME

Skrini ya nje inayoonyesha rangi nyeupe kwa mwanga wote inaweza kula wati 700 kwa kila mita ya mraba. Yetu ina mita za mraba 24. Mara 700 ni wati 16,800. Soketi ya kawaida ya amperi 13 hutoa wati 3,000 hivi. Maana yake skrini hii ingemaliza soketi karibu sita. Ukiigawa katika umeme wa njia tatu, kila njia inabeba amperi 24 hivi.

Kwa kawaida picha si nyeupe tupu, kwa hiyo matumizi huwa chini ya hapo. Lakini waya hauchaguliwi kwa siku ya kawaida. Unachaguliwa kwa siku ya kilele. Jenereta nalo liwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, na pawe na swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Trasi yote ni alumini, na alumini hupitisha umeme. Mvua ikinyesha, fundi aliyeshika trasi iliyopata umeme hana nafasi ya kuomba radhi kwa mtu.

6. SIKU MOJA INA SAA NGAPI?

Mwenye skrini hukodisha kwa mita ya mraba na kwa siku. Mteja analipa siku moja ya onyesho. Mwajiri naye humlipa kibarua "siku moja". Tuhesabu siku hiyo kwa mfano.

Ijumaa saa 8 mchana mnapakia lori. Mnafika, mnafunga, mnamaliza saa 9 usiku. Hizo ni saa 13. Jumamosi saa 2 asubuhi mnarudi kujaribu picha. Onyesho linakwisha saa 6 usiku. Mnashusha na kupakia hadi saa 11 alfajiri ya Jumapili. Hizo ni saa 21. Jumla ni saa 34 za kazi ndani ya saa 39. Kwa siku za saa nane nane, ni zaidi ya siku nne. Mlilipwa moja.

Kwa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kuwa kiasi cha juma zima. Kanuni zake za mwaka 2011 zilisema mtu asifanywe kibarua wa kutwa kupita miezi minne bila kupewa mkataba wa maandishi. Lakini wako wenzetu waliofanya kazi kwa tajiri mmoja mwaka wa tatu sasa, na kila asubuhi wanahesabiwa kama wageni.

Jambo la saa si la mshahara peke yake. Kazi ya kushusha skrini hufanywa na watu walewale walioipandisha, wakiwa hawajalala, gizani, lori likipiga honi. Aliyechoka hufungua kifungo kisichopasa. Chuma kilichochoka na mtu aliyechoka wakikutana, ajali haihitaji sababu ya tatu.

Na kwa nini mwajiri anabana saa? Kwa sababu makampuni yanashindana kwa bei. Bei ya kabati hawezi kuipunguza, ameinunua. Bei ya mafuta hawezi kuipunguza. Kinachobaki ni watu na ukaguzi. Basi kila akishusha bei ili apate kazi, tujue amechukua kutoka mfuko wa nani.

7. HAKI YA KUSIMAMA

Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 155 juu ya usalama na afya kazini. Mkataba huo unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya maana ya kuamini hivyo, asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 Shirika hilo liliingiza usalama kazini katika haki za msingi. Maana yake kila nchi mwanachama, hata isiyotia sahihi mkataba huo, imefungwa kuheshimu msingi huo.

Lakini tuseme ukweli. Kibarua mmoja akisema "sipandi", atafukuzwa na mwingine ataitwa getini. Haki hii haishikwi na mkono mmoja. Ikisemwa na kikosi kizima kabla mzigo haujainuliwa, na skrini iko chini, na onyesho ni kesho, hapo mwajiri atatafuta karatasi.

8. MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUPANDISHA

Tawi lolote lenye wafanyakazi wa kazi hii liyaandike ubaoni:

(a) Mzigo wote, pamoja na vyuma, nyaya na mota, una kilo ngapi? Iko wapi karatasi?

(b) Mota, kamba na vifungo vimeandikwa uwezo wa kilo ngapi? Visivyoandikwa visitumike.

(c) Kamba zilikaguliwa lini, na nani alitia sahihi?

(d) Ipo kamba ya akiba itakayoshika mzigo ya kwanza ikikatika?

(e) Upepo wa kiasi gani utatufanya tushushe, na nani ataamuru?

(f) Umeme unatoka wapi, na swichi ya kuukata iko wapi?

(g) Nani amezuia watu wasipite chini wakati wa kupandisha na kushusha?

(h) Anayepanda ana mkanda na kofia ngumu vilivyo vizima, na amelala saa ngapi?

Katika mapatano na waajiri, viongozi wa matawi wadai mambo matatu kwanza. Karatasi ya uzito ibandikwe chini ya jukwaa mahali pa kusomeka. Saa zihesabiwe tangu kupakia hadi kupakua. Kikosi cha kushusha kiwe kimepumzika, na kama hakikupumzika, skrini ilale hapo hadi asubuhi. Mteja akikataa, aelezwe kwamba usiku mmoja wa uwanja ni rahisi kuliko mazishi.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Skrini ya mita 8 kwa 5 ina makabati mangapi ya sentimita 50 kwa 50? Kila kabati likiwa na kilo 8, makabati peke yake yana kilo ngapi?

2. Katika kazi yenu ya mwisho, nani alijua uzito wa mzigo? Kama hapakuwa na mtu, kwa nini?

3. Andikeni saa za kazi moja tangu kupakia hadi kupakua. Linganisheni na malipo mliyopata.

4. Vijana wanaookotwa getini si wanachama. Je, tunawaingiza vipi katika chama kabla ya ajali, si baada yake?

Majibu ya swali la tatu yaletwe kwa katibu wa tawi kwa maandishi. Hatuwezi kwenda mezani na malalamiko ya mdomo. Mwajiri ana vitabu vyake vya hesabu, nasi tuwe na vyetu.

Umoja ni nguvu.